Kidole cha Tano cha Mama Bolumbu

Nyinyi vijana wenye kuandika maoni chini ya video za Mama Zaina, mimi ninawasoma. Mulifikiri wazee hatusomi? Nilifika darasa la tatu kwa masista, hapa hapa Lubunga, na zile herufi hazijanikimbia. Ninasoma polepole, nikifuata na kidole, na kidole kikigusa kioo cha telefone mahali pabaya ukurasa unaruka, mujukuu wangu Merveille anakuja kunirudishia. Lakini ninasoma. Na majina yenu nimeyashika yote, hata yale ya kujibandika: Roi du Fleuve, yaani mufalme wa muto, Bella Dollar, Jeune Patron. Jina likiingia katika kichwa changu halipati mulango wa kutokea.

Mimi ni Koko Anasta. Kazi yangu ilikuwa kwanga. Kwa wale wanaotusoma toka mbali, kwanga ni muhogo uliolowekwa, ukasagwa, ukafungwa ndani ya majani na kupikwa kwa mvuke. Ukiwa na kwanga na kipande cha samaki, uko na safari. Niliianza nikiwa binti, nikaiacha siku magoti yalipokataa kuinama kwenye pipa. Kati ya hapo na pale sikufanya kazi ingine, isipokuwa kuzaa na kuzika.

Na nitawaambia kweli mbele ya yote, musije mukasema bibi alijificha: wivu unanikula. Unanikula kama vile panya anavyokula sabuni, anajua si chakula na anaendelea.

Ilianza hivi. Merveille alimaliza masomo makubwa hapa Kisangani, akavaa ile nguo nyeusi na kofia, tukapiga picha. Kisha akapeleka karatasi zake kila ofisi ya muji mpaka viatu vyake vikaisha upande mumoja. Siku moja akaja kuniambia, "Koko, nataka kuanza kwanga. Nitauza kule Simi-Simi, kwenye université, ba-étudiants bako mingi, banalala njaa."

Nilifurahi. Nilitoa kile kiti changu cha chini, cha kazi, nikakipangusa vumbi, nikakiweka uani. Nikangoja aje aketi mbele yangu. Nilingoja siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikasikia sauti ya mwanamuke uani, nikatoka. Merveille ameketi juu ya kiti changu. Telefone ameiegemeza kwenye kinu changu. Na ndani ya telefone kuko mikono miwili ndani ya beseni.

Sura haikuonekana bado. Lakini ile mikono niliijua. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwa nje. Nilikuwapo siku mutwangio ulipokipinda, mimi ndiye nilikifunga kitambaa.

"Zima hiyo," nikasema.

"Koko, tika kwanza, usizime, huyu mama iko fort, anajua kazi! Batu mingi banamufuata. Anaonyesha kila kitu, étape kwa étape."

"Huyo mama anaitwa Zaina binti Ramazani. Mama yake aliitwa Mwamini. Zaina mwenyewe alitoka Maniema, akashuka hapa kwenye gare ya treni ya Lubunga na mukeka mumoja na homa."

"Koko, kumbe unamujua?"

"Simujui."

Munielewe vizuri. Mutoto wa damu yangu, katika kiwanja changu, juu ya kiti changu, anajifunza kwanga kwa Zaina. Na mimi niko pale, muzima, na mikono yangu yote miwili. Hiyo ndiyo habari yote.

Sisi wawili, mimi na Zaina, tulilelewa kazi na mutu mumoja, Mama Bolumbu. Kiwanja chake kilikuwa nyuma ya gare, treni ya Ubundu ikipita vifuniko vya pipa vilikuwa vinacheza. Mama Bolumbu hakuzaa. Alikuwa mufupi, na sauti yake wafanyakazi wa reli walisema inashinda filimbi yao. Alinichukua mimi kwa mama yangu, kwa sababu tulikuwa wengi na samaki walikuwa wachache. Zaina alimuokota gare, vile nimesema. Tulilala juu ya ule mukeka mumoja wa Zaina. Yeye alikuwa anasali akielekea ukuta, mimi nilikuwa nafanya ishara ya musalaba nikielekea mulango, halafu tunageuka, tunacheka.

Siku ya kwanza Mama Bolumbu alitufungulia mukono mbele ya macho. Akashika kidole gumba: "Hiki ni kuloweka." Akashika cha pili: "Kutoa nyuzi." Cha tatu: "Kusaga." Cha ine: "Kufunga na kupika." Cha tano akakikunja ndani ya kiganja, akafunga ngumi.

"Na hicho, Mama?" Zaina aliuliza. Yeye alikuwa mwenye mudomo.

"Hiki kinakaa kwangu. Nikikupa mukono wote leo, kesho utanisalimia na nini?"

Ndivyo ilikuwa kwa wanawake wote wa kwanga hapa Lubunga. Unamufundisha binti vidole vine, cha tano unakishika mpaka siku unajisikia unaondoka. Haikuwa roho mbaya. Watu wa reli walikuwa na pansio yao, pesa ya uzeeni, hata kama ilichelewa. Sisi pansio yetu ilikuwa kile kidole.

Ndiyo maana nikisoma Jeune Patron ameandika, "Mutu mwenye akili anafanya pesa imufanyie kazi yeye akilala," ninacheka peke yangu. Mutoto wangu, tulikuwa tunalala na muhogo unafanya kazi! Unautia ndani ya maji, unafunika, unaenda zako. Siku tatu, siku ine, muhogo unatumika bila kuuliza chakula. Lakini ukiamka bila kwenda kuutazama, unakuta umekufanyia kazi ya uvundo. Kitu chenye kukufanyia kazi ukilala, ni lazima uamke mbele yake.

Bella Dollar, yeye aliuliza, "Mama Zaina, exactement masaa ngapi ya kuloweka?" Muhogo hauna saa, Bella. Unauliza kwa kidole gumba. Kikiingia kama ndani ya avoka imeiva, toa. Kikigonga, ngoja. Maji yakiwa na mapovu madogo na harufu inakupiga puani halafu inakuachia, ni sawa. Yakiteleza kama ngozi ya samaki, mwaga yote, usihurumie. Na wakati wa mvua ongeza siku. Zaina alijibu "siku tatu." Mutu anatoka Maniema, atajua nini mvua ya Lubunga!

Munaona? Ni wivu ndio umesema hapo. Zaina anaijua mvua ya Lubunga vizuri kabisa, ilimunyeshea pamoja na mimi.

Huyo huyo Bella aliandika tena, "Fuata kazi unaipenda, hautachoka hata siku moja." Nani alipenda? Mume wangu Étienne, Mungu amuhurumie, alikuwa ananiketisha upande wenye upepo unakimbilia. Kucha zangu zilinuka muhogo siku ya harusi yangu. Sikuipenda ile kazi. Nilipenda kuwa wa kwanza. Nilipenda meli ikipiga honi na watu wanashuka libongo, pale bandarini, wanauliza, "Kwanga ya Anasta iko wapi?" Na zaidi nilipenda Zaina asikie wanavyouliza.

Lakini nitawaambia pia ile siku walinitafuta kwa ubaya.

Nilikuwa nimeolewa tu, nimeanza moto wangu mwenyewe. Dereva mumoja wa reli, Lokwa, aliniuzia pipa kwa bei nzuri. Lilikuwa pipa la mazout, mafuta ya mashine. Nikaliosha na majivu, na muchanga, na sabuni ya kipande kizima. Nikanusa: hakuna kitu. Mimi nilikuwa na mafua na sikufikiria mafua. Nikapika kwanga sitini, zote zikapanda meli. Meli iliporudi, karani wake, Papa Lisasi, alisimama juu kabisa, watu wamejaa chini, akapiga kelele: "Nani anaitwa Anasta? Mama, ile kwanga yako tulitaka kuitia ndani ya moteur ya meli!"

Libongo lote lilicheka. Zaina alicheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu. Kile kicheko niko nacho masikioni mpaka leo. Kesho yake asubuhi nilikuta pipa limewekwa mbele ya mulango wangu, safi, limegeuzwa kinywa chini. Lilikuwa la Zaina. Sikuenda kumushukuru. Nilimuonea wivu hata kwa lile, kwamba mwenzangu amefika kuwa na mapipa mawili.

Donc mukinunua pipa, musiliamini, na musiziamini pua zenu. Chemsha ndani maji matupu, funika kinywa chake na kitambaa cheupe, acha mvuke upite. Kisha peleka kitambaa kwa mutu mwingine anuse. Pua inazoea, ya jirani haijazoea.

Roi du Fleuve aliandika, "Kwanga iko kazi ya bale balishindwa masomo." Huyu sitamujibu mimi. Merveille alitaka kumutumia picha yake na ile kofia nyeusi. Nilimukataza. Nilisema, muulize tu mama yake alimupeleka masomo na nini. Kwa sababu ninaona jina lake la kweli limejificha chini ya lile la ufalme, na bibi yake ninamujua, aliitwa Bitota, na alikuwa ananunua kwangu kumi kumi kwa kuuza gare, na pesa ya masomo ilitoka pale. Roi, salamu kwenu.

Na mambo ya mashine? Nyinyi mumegawanyika kule chini, wengine wanasema kwanga ya moulin haina ladha, wengine wanasema kusaga kwa mukono ni ushamba. Mimi nilisagia juu ya ubao, na muti wa duara, nimepiga magoti, mpaka mabega yangu yakawa ya mwanaume. Moulin ya kwanza ilipofika hapa, ya Tonton Abeli, nilisema inatia harufu ya moto ndani ya muhogo. Nilizunguka nikisema hivyo kiwanja kwa kiwanja. Si kweli. Ilinichoma tu kuona wasichana wanafika na beseni, wanaketi, wanasukana nywele, mashine inasaga. Mabega yao mazuri. Mimi yangu nani angenirudishia? Baada ya mwezi nilipeleka muhogo wangu kwa Abeli, kwa njia ya nyuma. Abeli akasema kwa sauti kubwa, "Karibu Mama Anasta, harufu ya moto iko inakungoja!"

Bon, turudi kwa telefone.

Nilianza kuangalia video za Zaina kwa kuiba. Merveille akienda kuchota maji, nilikuwa nasema, "Acha telefone hapa, nitaichunga." Sikuichunga. Niliona zote. Zaina amezeeka vizuri, na kwa hilo pia nilimuonea wivu. Anavaa liputa safi ya kitenge, anasema polepole, anaita kila mutu "mwanangu." Kila video nilikuwa nangoja kidole cha tano. Nilijiambia, sasa atageuza mugongo. Sasa atafunika. Kwa sababu mutu wa kwanga ninamujua, hata akikuonyesha nyumba nzima kuko chumba hafungui.

Na niko na haki ya kusema, kwa sababu kile kidole kilikuwa kwangu.

Mama Bolumbu alipokuwa anaondoka, aliniita. Mimi peke yangu. Alikuwa amelala kwenye kile kitanda chake cha kusukwa na kamba za kekele, mukono wake umekuwa mwepesi kama jani la jana. Akafungua ngumi, akanishikisha kidole kidogo, akaniambia kile kitu. Akasema, "Usimuambie mutu. Hata Zaina." Nikaapa.

Pale kwenye kilio, kwenye matanga, tuligombana, mimi na Zaina, mbele ya watu, juu ya mwiko wa kusongea wa marehemu. Mimi niliuvuta huku, yeye kule. Nilikuwa nawaza, mwiko ni wa mwenye kidole. Nikaushinda. Zaina akachukua pipa la marehemu, akaliviringisha mpaka mutoni, akavuka nalo, akaolewa ng'ambo. Hatujasemeshana tena toka siku ile. Mutumbwi unavuka hapa kwa muda wa kula kwanga moja, na sisi tulishindwa. Yeye akiuza sana kule ng'ambo, watu wakija kunihadithia, moyo wangu ulikuwa unasema: uza, Zaina, uza, mutoto wa Mama Bolumbu niko mimi.

Sasa sikilizeni ile video. Munaijua, ni ile mumeipenda kupita zote.

Zaina ameketi. Mbele yake kuko unga wa muhogo umepikwa mara ya kwanza, mbele ya kufungwa, unatoa moshi. Anasema: "Wanangu, leo ninawaonyesha kitu sikumuonyesha mutu. Mama yetu wa kazi aliniita kwenye kitanda chake, mimi peke yangu, akanipa kidole cha tano." Na anachukua ngumi moja ya unga mubichi, usiopikwa, anaurudisha ndani ya ule wa moto. Ngumi ine za kupikwa, moja mbichi. Anaukanda papo hapo ukingali unaunguza, anapuliza vidole. "Ndiyo maana kwanga yangu inavutika, haipasuki," anasema.

Hapo kwanza nilisema: ngumi mbichi! Miaka na miaka niliitafuta. Kwanga ya Zaina ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta, yangu ilikuwa inapasuka ukiikunja. Nilimutuma wifi yangu Georgine avuke kwenda kununua kwake ili achungulie. Georgine alirudi na kwanga tu.

Halafu ndipo lile neno lingine likaniingia. Mimi peke yangu. Kwenye kitanda chake.

Niliweka telefone chini. Sikuwa na hasira ya video tena, wala yenu nyinyi wa kupiga makofi. Nilikuwa naona kile kitanda cha kekele. Asubuhi niliitwa mimi. Kumbe jioni aliitwa Zaina, ama yeye asubuhi na mimi jioni, na ule mukono mwepesi ulifunguka mara mbili, na kila mara na kitu kingine. Kwa sababu kile aliniambia mimi hakihusu unga mubichi hata kidogo. Na Zaina naye aliapa. "Usimuambie mutu. Hata Anasta." Nina hakika ndivyo alisema, ninamujua Mama Bolumbu kwa sauti.

Miaka yangu yote nilikikalia kile kiti nikijua mimi ndiye mutoto. Muniambie nyinyi wenye maoni ya kila kitu: wivu wa kumuonea mutu juu ya mama amekufa zamani, dawa yake inauzwa wapi?

Video haikuwa imeisha. Nikaiokota. Zaina anapangusa mikono, anatazama ndani ya telefone kama ananitazama mimi, na anasema:

"Lakini kuko kitu kimoja mimi sikukipata mupaka leo. Kulikuwa mwenzangu, Anasta wa Lubunga. Kwanga yake ilikuwa inapanda meli, inafika Lisala, inafika Mbandaka, kama imetoka motoni leo. Yangu siku ya tano inaanza kuteleza, kuota nywele nyeupe. Nilimuonea wivu sana yule mwanamuke, muniamini. Siku ingine silali. Sijui kama iko muzima. Mwenye anamujua amuulizie."

Zaina! Kunionea wivu mimi! Merveille alikuwa amenifundisha namna ya kurudisha nyuma na kidole. Nilirudisha pale mara saba. "Nilimuonea wivu sana yule mwanamuke." Mara saba. Chakula cha mchana sikukihitaji.

Kisha nikashuka chini kwenye maoni. Yo! Mulivyobahatisha! Mumoja anasema niliweka chumvi ndani ya majani. Mwingine ndimu. Mwingine dawa ya wazungu. Mwingine anasema hiyo iko ndoki wazi, uchawi wa mutoni. Na Roi du Fleuve: "Huyo Anasta alishakufa zamani." Roi, ngoja kwanza mimi nimalize.

Merveille alirudi na maji akanikuta na telefone usoni. Alitua ndoo tu.

"Umeona hii?" nikasema.

"Niliona, Koko. Iko siku ine sasa."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Nikitaja Zaina unazima telefone."

"Na juu ya nini ulienda kujifunza kwake? Mimi nilikufa?"

Akaketi juu ya kinu. Mutoto huyu hana haraka, amefanana na Étienne. "Koko, usikasirike. Wewe nikikuuliza, unasema, angalia tu. Nikianza kuangalia, unageuza mugongo. Mama Zaina hageuzi."

Ni kweli. Wasichana wote walionipitia niliwaonyesha vidole vine na mugongo. Sikujua kwamba hata yeye nilimugeuzia.

"Basi ungeandika kwamba niko muzima," nikasema. "Huyu Roi asinizike."

"Ningeandika, bangeniuliza siri."

"Ungesema huijui."

Akachezea ukingo wa kinu na kucha. "Koko, mimi naijua."

"Unajua nini?"

"Nililala katika kile chumba mupaka miaka kumi na mbili. Si unakumbuka? Ulikuwa unaingiza kwanga toka pipa, unaambia batu unazikimbizia nzi. Zilikuwa zinasimama kando ya ukuta kama batoto ba masomo. Kila asubuhi nikifungua macho, zinanitazama. Siku moja nililaza moja, nilitaka ilale kama mimi. Ulinipiga!"

Nilikumbuka. Nilimupiga kofi la mukono, akalia, nikamupa mukwaju. Nilifikiri alisahau. Kumbe lile kofi ndilo lilimufundisha.

"Na pale chini, watu wote wanatafuta," nikasema. "Wanasema ndoki. Neno moja tu lako, na muji mzima ungejua jina lako mbele hujauza kwanga ya kwanza. Na hukuandika?"

"Si yangu," akasema. "Iko yako."

Akasimama akaenda kuchochea moto. Mimi nilibaki na telefone imezimika mukononi. Vijana, mimi nilimufungia huyu mutoto kidole changu, na yeye alikuwa nacho ndani ya ngumi yake toka utoto, anakifunga kwa ajili yangu. Mama Bolumbu hakupata mutoto kama huyu. Zaina, na watu wake wote wa kumufuata, hajamupata. Haya, sasa anionee wivu tena.

Siku ile ile nilikaa mimi juu ya kinu na yeye juu ya kiti. Nilimuonyesha kila kitu, uso kwa uso. Tuliweka ile ngumi mbichi pia, ya Zaina. Nilisema ni ya kujaribu tu. Kwanga ilivutika kama mpira. Nilikula, nikakata kipande cha pili.

Merveille alitaka kuandika ile siri kule, chini ya video ya Zaina. Nilikataa. Zaina iko na watu wa kutosha, siwezi kumuongezea. Tunaiandika hapa, kwetu, kwenye ukurasa mupya wa Merveille, Kwanga ya Koko Anasta, na mwenye kuitaka aje kuisoma hapa kama vile mimi nilisoma kule, kwa kujificha, akifuata na kidole.

Ni hii. Kwanga ikitoka kwenye pipa, musiilaze. Hata nyinyi wote munailaza, niliwaona sokoni, munazipanga kama kuni. Ikingali moto inatoa jasho ndani ya majani. Ukiilaza, lile jasho linakusanyika upande wa tumbo, na pale ndipo nywele nyeupe zinaotea. Isimamishe. Upande wa mukunjo uwe chini, na ule mukunjo uulegeze kidogo tu, kama mutu anafungua kifungo cha shingo. Isimame juu ya fito, si juu ya udongo, jasho lipate njia. Zisigusane. Ziache hivyo, ndani ya chumba chenye hewa, mpaka zipoe kabisa, kisha kaza mukunjo. Haina chumvi, haina ndimu, haina ndoki. Ni kusimama tu. Kwa hiyo niliificha chumbani, kwa sababu kitu chepesi hivyo ukikionyesha mara moja kimekwisha.

Zaina, najua utafika hapa. Mudomo wako haujawahi kupita kitu bila kuuliza. Niko muzima. Nilikushinda kwa siku ya tano, ulinishinda kwa ile ngumi mbichi, na yule mama alitudanganya wote wawili. Usinijibu ndani ya telefone, mbele ya hawa watoto. Vuka. Kuja na lile pipa la marehemu, mimi nitatoa ule mwiko wake. Mitumbwi inaacha kuvusha jua likianza kushuka, na kwanga nitakuwa nimezisimamisha tayari, kwa hiyo usichelewe, kwa sababu mimi sitamungojea mutu wa ng'ambo.